Nafuu ya kodi, ruzuku au mkopo wa bila riba: msaada upi wa serikali ukufae kwa sola na pampu ya joto

Muuzaji akikuambia "serikali inakulipia asilimia 30 ya sola yako", muulize mambo mawili kabla hajakupa karatasi ya kusaini: inanilipa lini, na hela inapitia kwa nani? Asilimia 30 iliyokatwa kwenye ankara kabla hujatoa senti, na asilimia 30 utakayoidai kwenye ritani ya kodi mwaka unaofuata, kwenye tangazo zinafanana kama mapacha. Kwa mtu ambaye akiba yake yote inamwishia fundi, hazifanani hata kidogo.

Majina ya mipango hii ni mengi, lakini njia zenyewe ni chache: nafuu ya kodi, ruzuku, kufutiwa VAT, kulipwa kwa umeme unaokuzidi, na mkopo wa riba ndogo au usio na riba kabisa. Nchi nyingi huchanganya mbili tatu. Nitatumia kazi moja karibu kila mahali: ya kugharimu 20,000, iwe dola au yuro haidhuru, na msaada wa asilimia 30, yaani 6,000. Tuone hiyo 6,000 inamfikia nani ikiwa nzima, na inamfikia nani ikiwa imemegwa.

Nafuu ya kodi

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa sababu neno moja linabeba vitu viwili. Kuna nafuu inayokata kodi yenyewe, na kuna inayokata mapato kabla kodi haijapigiwa hesabu. Ya kwanza, ukiandikiwa 6,000, umepata 6,000. Ya pili, kama ngazi yako ya juu ya kodi ni asilimia 22, ile 6,000 inakuachia 1,320 tu. Kijitabu cha mauzo kinaweza kuandika "nafuu ya 6,000" kwa zote mbili na kisiwe kimesema uongo.

Tuseme yako ni ile nzuri, inayokata kodi yenyewe. Bado kuna swali: ikizidi kodi unayodaiwa, kinachobaki kinakwenda wapi? Marekani ni mfano mzuri kwa sababu ilikuwa na mipango miwili iliyojibu swali hili kwa njia tofauti. Kifungu cha 25D cha sheria ya kodi kilirudisha asilimia 30 ya gharama ya sola ya nyumbani, bila kikomo cha kiasi kwa paneli. Kifungu cha 25C kilihusu maboresho ya nyumba yenyewe, kama vihami joto (vya kuzuia joto lisitoroke), madirisha, milango na pampu ya joto (mtambo wa umeme unaochota joto la nje na kulileta ndani), na chenyewe kilikuwa na dari: dola 1,200 kwa mwaka kwa mambo mengi, na dola 2,000 kwa pampu ya joto. Vyote viwili havikutoa fedha taslimu zaidi ya kodi yako. Ila kilichobaki kwenye 25D ulikihamishia mwaka unaofuata. Kilichobaki kwenye 25C kilipotea.

Sasa weka watu wawili mezani. Wa kwanza ni mwajiriwa ambaye kodi yake ya mwaka ni dola 3,500. Anafunga sola ya 20,000, anastahili 6,000. Mwaka wa kwanza anapata 3,500, na 2,500 iliyobaki anaidai mwaka wa pili. Amesubiri, lakini hajapoteza. Wa pili ni mstaafu ambaye kodi yake ya mwaka ni dola 600. Anaweka pampu ya joto ya 9,000. Asilimia 30 ni 2,700, dari inaikata hadi 2,000, na kodi yake inaikata tena hadi 600. Dola 1,400 zimepotea moja kwa moja. Na hapo ndipo ukali wa jambo hili ulipo: mwenye kipato kidogo, ambaye bili ya kupasha nyumba joto inamuuma kuliko wote, ndiye aliyeambulia kidogo kuliko wote.

Niseme na jambo moja ambalo huwachanganya hata watu makini. "Kodi unayodaiwa" maana yake ni kodi yote ya mwaka, pamoja na ile ambayo mwajiri amekwisha kukukata kwenye mshahara. Mtu anayerudishiwa hela kila mwaka hudhani hadaiwi kodi, hivyo nafuu haimhusu. Inamhusu. Kinachotazamwa ni jumla ya kodi ya mwaka, si kiasi kilichobaki siku ya kuwasilisha ritani.

Nafuu za Marekani ninazitaja kwa wakati uliopita kwa sababu sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilizifunga zote mbili kufikia Desemba 31, 2025, ilhali 25D ilikuwa imepangiwa kuendelea miaka mingi zaidi. Na kwa sola, kulipa kabla ya tarehe hiyo hakukutosha: kazi ilitakiwa iwe imekamilika. Aliyelipa Novemba na kufungiwa Januari alikuwa amechelewa.

Mtego wa mwisho wa nafuu ya kodi ni kile inachokigusa. Afrika Kusini ilitoa asilimia 25 kwa watu binafsi waliofunga sola kati ya Machi 1, 2023 na Februari 29, 2024, kwa kikomo cha randi 15,000. Asilimia 25 ya nini? Ya paneli peke yake, tena mpya. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uweze kutumika nyumbani) haimo, betri haimo, kazi ya fundi haimo. Chukua mfumo wa randi 200,000 ambao paneli zake ni 50,000: nafuu ni 12,500. Asilimia 25 ya kwenye tangazo imekuwa asilimia 6 na robo ya hela iliyokutoka. Sisemi mpango ulikuwa mbaya. Nasema usome orodha ya vinavyokubalika kabla ya kusoma asilimia.

Ukikodi paneli badala ya kuzinunua, kwa kawaida nafuu hii si yako. Ni ya mwenye mali, yaani kampuni. Pengine kampuni itakushushia malipo ya kukodi ya kila mwezi kwa ajili hiyo, pengine haitakushushia.

Ruzuku

Ruzuku haijali kodi yako ni kiasi gani, na hiyo ndiyo sababu mimi huiweka mbele ya nafuu ya kodi kwa karibu kila mtu mwenye kipato cha kawaida. Lakini ruzuku nazo hazilingani. Tofauti kubwa ni nani anatangulia kutoa hela.

Uingereza na Wales zina mpango wa kubadilisha boila (mtambo wa kuchoma gesi au mafuta kupasha nyumba joto) ambao, tangu Oktoba 2023, hutoa pauni 7,500 kwa pampu ya joto. Fundi aliyeidhinishwa ndiye anayeomba, ndiye anayelipwa, na wewe unapewa ankara ambayo 7,500 imeshatolewa. Hujaza fomu ya kodi, husubiri kurudishiwa. Australia nayo hufanya karibu hivyo kwa sola: mfumo wako unazalisha vyeti vidogo vyenye thamani, fundi anavichukua, na bei inashuka papo hapo. Vyeti hivyo hupungua kila mwaka hadi mpango uishe 2030, na tangu Julai 1, 2025 betri za nyumbani nazo zimeingizwa, kwa punguzo la kama asilimia 30.

India imepita njia nyingine. Mpango wa sola za paa uliotangazwa Februari 2024 hutoa hadi rupia 78,000 kwa mfumo wa kilowati 3 au zaidi, lakini fedha huingia kwenye akaunti ya benki ya mwenye nyumba baada ya mfumo kufungwa na kukaguliwa. Maana yake lazima kwanza uwe na hela yote, au ukope. Ndiyo maana serikali imeambatanisha na mikopo ya riba nafuu. Bila hiyo, ruzuku ingekuwa ya wale tu ambao wangefunga hata bila kusaidiwa.

Ujerumani ndiyo yenye ukarimu mkubwa na masharti mengi. Kwa pampu ya joto, utaratibu ulioanza 2024 huanzia asilimia 30, na kuongeza asilimia nyingine 30 kwa mwenye nyumba anayeishi humo ambaye mapato ya kaya yanayotozwa kodi hayazidi yuro 40,000 kwa mwaka. Kuna nyongeza nyingine pia kwa anayeng'oa mtambo wa zamani mapema, lakini jumla haivuki asilimia 70, na gharama inayohesabiwa kwa nyumba ya familia moja ni yuro 30,000. Kwa hiyo dari ni 21,000. Linganisha na yule mstaafu wa Marekani: huko kipato kidogo kilimnyima, huku kipato kidogo kinamwongezea.

Ila sikiliza sharti lenyewe. Unatakiwa uombe kabla kazi haijaanza. Na ili uombe, uwe tayari na mkataba na fundi, wenye kifungu kinachosema mkataba huu utatumika tu iwapo ruzuku itakubaliwa. Ukimruhusu fundi aanze Jumatatu na ukaomba Jumatano, umekosa. Masharti ya namna hii yapo kwenye ruzuku nyingi, na ni kinyume cha nafuu ya kodi, ambayo unafanya kazi kwanza na kudai baadaye. Mtu aliyezoea njia moja hujikwaa kwenye nyingine.

Kasoro ya ruzuku inayokatwa kwenye ankara ni kwamba huioni ikiingia. Fundi akijua kuna 7,500 inayokuja kwa hakika, anaweza kupandisha bei akajichotea sehemu yake. Dawa ni kuomba makadirio ya bei kwa mafundi watatu, kila mmoja aandike bei kamili kwanza, kisha ruzuku, kisha unachobakia kulipa, kila kitu kwenye mstari wake. Anayekataa kuandika mstari wa kwanza, muage.

Ukiwa na ruzuku na nafuu ya kodi kwa pamoja, usijumlishe tu. Mara nyingi ruzuku hutolewa kwanza. Kazi ya 20,000 iliyopata ruzuku ya 4,000 inabaki 16,000, na asilimia 30 ya 16,000 ni 4,800. Jumla ya msaada ni 8,800, si 10,000 ambayo ungeifikia kwa kujumlisha kichwani. Marekani ilifuata hesabu hiyo kwa ruzuku za mashirika ya umeme.

Kufutiwa VAT

Hii ndiyo njia isiyo na fomu. Ujerumani imetoza asilimia sifuri kwa sola za nyumbani hadi kilowati 30, pamoja na betri, tangu Januari 1, 2023. Uingereza imefanya hivyo tangu Aprili 2022 hadi Machi 31, 2027, lakini kwa kazi ya kufungiwa na fundi; ukinunua paneli dukani ukajifungia mwenyewe, VAT ya asilimia 20 unailipa. Kwa mwenye nyumba anayejifanyia kazi mwenyewe hilo linaumiza. Kenya ilirudisha VAT ya asilimia 14 kwenye vifaa vya sola mwaka 2020, ikaiondoa tena 2021. Waliokuwa wakipanga kununua katika huo mwaka mmoja wanajua tofauti ilikuwa kiasi gani. Zaidi ya hapo hakuna cha kuchagua: kama ipo unaipata, kama haipo huna pa kuomba.

Kulipwa kwa umeme unaokuzidi

Huu si msaada wa kununua. Ni ahadi ya miaka mingi, kwa hiyo ipime kama unavyopima ahadi.

Kuna mita inayorudi nyuma, kwa lugha nyepesi: uniti moja unayopeleka kwenye gridi mchana inafuta uniti moja unayochukua usiku. Na kuna bei maalumu ya kuuzia, ambayo huwa ndogo kuliko bei unayonunulia. Ya kwanza hukufanya uone gridi kama betri ya bure. Ya pili hukufundisha kutumia umeme wako mwenyewe wakati jua linawaka.

Ujerumani ilianza mwaka 2000 kwa kulipa takribani senti 50 za yuro kwa kila uniti ya sola, bei iliyofungwa kwa miaka 20. Anayefunga leo paneli za paa na kuuza ziada hulipwa chini ya senti 8. Watu husema bei imeporomoka, na kweli, lakini paneli nazo zimeporomoka bei, na yule wa mwanzo alinunua kwa gharama ambayo leo ungefungia nyumba kadhaa. California ilifanya mabadiliko ya ghafla zaidi: walioomba kuunganishwa baada ya Aprili 14, 2023 wanalipwa takribani robo ya walicholipwa waliotangulia, na waliotangulia wameachiwa masharti yao ya zamani kwa miaka 20. Majirani wawili, paneli zilezile, jua lilelile, hesabu mbili.

Kwa hiyo bei ya kuuzia ikiwa ndogo, usinunue mfumo mkubwa kwa matumaini ya kuuza. Nunua unaotosha matumizi ya mchana, hamishia mchana kazi za kuchemsha maji, kufua na kuchaji gari, na betri uipigie hesabu yake peke yake.

Mkopo wa bila riba

Watu huudharau mkopo kwa sababu unarudishwa. Hebu tupige hesabu. Ufaransa ina mkopo wa ukarabati wa nishati usio na riba, hadi yuro 50,000, unaoweza kulipwa hadi miaka 20. Chukua ile 20,000 yetu kwa miaka 10. Bila riba, unalipa kama 167 kwa mwezi. Kwa riba ya kawaida ya asilimia 8, ungelipa kama 243, na mwisho wa miaka 10 ungekuwa umetoa riba ya zaidi ya 9,100. Ukizileta tofauti hizo za kila mwezi kwenye thamani ya leo kwa riba hiyohiyo, unapata kama 6,260.

Rudi kwenye ile 6,000 ya nafuu ya kodi. Ni kitu kilekile! Mkopo wa bila riba wa miaka 10, kwa mtu ambaye vinginevyo angekopa kwa asilimia 8, una thamani ya asilimia 31 ya kazi yote, na unampa hela siku ya kumlipa fundi. Kwa mwenye akiba yake benki, thamani hiyo inapungua sana, kwa sababu hakuwa na riba ya kukwepa.

Angalia tu deni linafungwa wapi. Baadhi ya majimbo ya Marekani yana mikopo inayolipwa kupitia kodi ya jengo, na deni linaishikilia nyumba, siyo mtu. Siku ya kuuza, mnunuzi au benki yake anaweza kukataa kulirithi, ukalazimika kulimaliza kwa mkupuo.

Ahadi ikivunjwa

Italia ndiyo darasa. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, serikali iliahidi nafuu ya asilimia 110 kwa ukarabati wa nyumba: utumie 100, upunguziwe kodi 110. Na kwa kuwa si kila mtu ana kodi ya kutosha, iliruhusu nafuu hiyo iuzwe kwa benki au ipewe mkandarasi badala ya malipo. Kwa maneno mengine, ilitibu ule ugonjwa wa mstaafu wetu. Lakini mwenye nyumba asiyetoa hata senti hana sababu ya kubishana bei, na bei zilipaa. Gharama kwa serikali ikavuka yuro bilioni 100. Februari 2023 uuzaji wa nafuu ukazuiwa kwa kazi mpya, kiwango kikashuka hadi asilimia 90, kisha 70 mwaka 2024. Wakandarasi walibaki na nafuu ambazo benki hazikutaka tena kuzinunua, na majengo yakabaki na majukwaa ya ujenzi yamesimama nje.

Ufaransa nayo ilisitisha kwa muda, kiangazi cha 2025, kupokea maombi ya ruzuku ya ukarabati mkubwa, kwa sababu ya udanganyifu na msongamano wa mafaili. Kwa hiyo ukilinganisha misaada miwili, uliza pia: sheria ikigeuka katikati ya kazi yangu, hasara ni ya nani? Punguzo lililokwisha kukatwa kwenye ankara halirudi nyuma. Nafuu ya kudai mwakani ni hatari yako wewe. Nafuu uliyomkabidhi mkandarasi ni hatari yake, mpaka afilisike na kazi yako haijaisha.

Mimi ningechagua hivi

Kama kodi yako ya mwaka ni ndogo, achana na nafuu ya kodi isiyolipwa taslimu hata ikiwa ya asilimia 40. Chukua ruzuku ya asilimia 20 ukiwa umetulia. Kama una kodi kubwa na akiba ya kusubiri mwaka, nafuu ya kodi inaweza kukupa zaidi ya wote, hasa isiyo na dari. Kama huna akiba kabisa, tafuta mkopo wa bila riba kwanza, kisha ruzuku ya kushusha deni. Bei ya kuuzia umeme isikuamulie kununua au kutonunua, labda iwe imefungwa kwa mkataba wa miaka.

Na kabla ya sola, tazama dari ya nyumba na mianya ya milango. Kuhami joto hakuvutii kama paneli juu ya paa, na msaada wake huwa mdogo kwa namba, lakini nyumba iliyozibwa vizuri inahitaji pampu ndogo na paneli chache. Ukianza na paneli, unanunua umeme wa kupasha joto hewa inayotoroka.

Ukishachagua, kwenye faili lako weka makadirio ya bei yenye tarehe, barua ya kukubaliwa ombi, namba za paneli na inveta kama zilivyochapwa nyuma yake, risiti, na cheti cha ukaguzi. Zipige picha paneli kabla hazijapanda juu, kwa sababu baada ya hapo namba za nyuma hazisomeki tena mpaka zifunguliwe. Na pale penye tarehe ya mwisho, muulize fundi kwa maandishi ni lini atakabidhi mfumo ukiwa unawaka. Siku aliyopokea malipo ya awali mara nyingi haihesabiwi.